Ng'ombe Wasubiri Kwanza

Korogwe, Tanga

Mpendwa Mwanaidi,

Asalaam aleikum. Sisi huku wazima, alhamdulillahi, ila maji ya mafuriko yalipopungua yametuachia mchanga mashambani na mazizi matupu. Nimesikia huko Dar mmechanga mnunulie watu wetu ng'ombe wa maziwa. Mungu awalipe. Lakini nakuomba sana ndugu yangu, ng'ombe wasubiri.

Ng'ombe wa maziwa anataka majani kila siku, na malisho ya bondeni yamefukiwa na tope. Tena mbu wamejaa. Unakumbuka Homa ya Bonde la Ufa ya 2007, ile inayoenezwa na mbu, ilivyokuja baada ya mvua kubwa ikaua mifugo na watu? Mjane aliyekwisha kupoteza kila kitu tusimpe mnyama wa kumzika.

Mimi naona tuanze na kuku wa kienyeji, na wachanjwe mdondo, ule ugonjwa unaoua kuku. Juzi nilikuwa kwa jirani anachanja wachache waliosalia. Alimpakata kuku, akamlaza ubavu, akalifungua jicho kwa kidole, tone moja likaingia. Hakumwachia mpaka kuku alipopepesa. Basi, kazi imekwisha hadi miezi 3 ijayo. Kichupa kimoja kinatosha kuku wa nyumba nyingi, ndiyo maana kina mama wanataka wachanje siku moja, mtaa mzima. Ujuzi wanao, fedha ya chanjo ndiyo hawana.

Mbuzi nao wanafaa, kwa ule mtindo wa kopa mbuzi lipa mbuzi. Mbuzi hubeba mimba miezi 5 tu, na mtoto jike wa kwanza anakwenda kwa jirani. Naupenda kwa sababu aliyepewa naye anakuwa mtoaji. Wachanjwe sotoka ya mbuzi kabla hawajagawiwa.

Ila Mwanaidi, mbuzi bila chakula ndani ya nyumba ataishia mnadani. Mtoto akilala njaa siku mbili, mama atauza hata mbuzi mwenye mimba, na nani atamlaumu? Kwa hiyo sehemu ya mchango iende kwenye mbegu: kunde, maana majani yake yanachumwa mboga mapema, mahindi ya muda mfupi, na vipando vya mihogo visivyo na ugonjwa. Mihogo itachelewa, lakini hiyo ndiyo akiba ya mwakani.

Zungumza na wenzako, unijibu mapema. Vuli haiko mbali, na bwana mifugo anataka kujua idadi ya kuku ndipo aagize chanjo.

Wasalimie watoto.

Wako,
Zuhura