Wapiga vinanda wa kwaya ndio wateja wako

Mwalimu mwenzangu wa kinanda, mpendwa,

Salaam nyingi kwako na kwa wote hapo Moshi. Hesabu ulizonitumia nimezipitia. Jioni zako zimejaa mwanafunzi mmoja mmoja, mchana chumba kiko kitupu, na shule zikifungwa Juni na Desemba mapato yanakatika. Ukipandisha ada, wazazi watapunguza vipindi na utabaki palepale. Saa moja inabidi ilipiwe na watu wengi, tena watu wasiofuata ratiba ya shule. Kwa mji kama huo, hao ni wapiga vinanda wa kwaya.

Sharika na parokia zenye vinanda ni nyingi, na wengi wanaovipiga wamejifunza kwa sikio. Kila wimbo wanaupiga kwenye ufunguo wa C, halafu wanabonyeza transpozi, kitufe kinachopandisha au kushusha sauti za kinanda chote. Siku mtu akisahau kuirudisha sifuri, wimbo unaofuata unaanza juu mno na sauti ya kwanza (soprano) inakwaruza. Na akikalishwa kwenye piano isiyo na kitufe hicho, amekwama mbele ya watu. Shida hii wanaijua wenyewe, hutahitaji kuwashawishi.

Anza na watu sita, vinanda vitatu vya oktavu tano, wawili kwa kinanda, wiki nane. Tuseme mwanafunzi wa peke yake hulipa shilingi 15,000 kwa saa. Hao sita wakitoa 6,000 kila mmoja, saa ileile inaingiza 36,000. Waambie bei ya kozi nzima, 48,000: nusu siku ya kwanza, nusu wiki ya nne. Anayelipa kwa kipindi, mvua ya masika ikinyesha tu haji. Ongea kwanza na mwenyekiti wa kwaya; mara nyingi kwaya ina mfuko wake, na kulipia wapigaji wawili ni rahisi kuliko kumsubiri kijana apate hela. Uliza na siku za mazoezi kabla ya kupanga ratiba.

Mwezi wa kwanza fundisha ngazi za C, G na F tu, yaani nota nane zinazopanda kwa mfuatano. Mkono wa kulia kwenye C na G vidole hupita 1-2-3, kisha 1-2-3-4-5 (gumba ndilo 1). Kwenye F ni 1-2-3-4, kisha 1-2-3-4, ili kidole cha nne kiangukie B bemoli (B iliyoshushwa nusu sauti, kitufe cheusi) na gumba libaki kwenye kitufe cheupe. Wataleta vidole vya C kwenye F; wasimamishe hapohapo, maana mazoea hayo kuyatoa baadaye ni kazi kubwa. Kodi, yaani nota tatu zinazopigwa pamoja, zifundishwe kwa karibu: C-E-G, kisha C-F-A, kisha B-D-G. Mkono hauruki, na kwaya haisikii pengo.

Kazi ya pili ni kuandika nota. Watunzi wengi huimba wimbo kwenye simu na hawana wa kuuandika. MuseScore ni programu ya bure. Toza kwa ukurasa, na kubalianeni mapema kwamba marekebisho ni mara moja tu. Angalia sana silabi: "mtoto" ina tatu, m-to-to, na hiyo "m" inataka nota yake; "mbingu" ina mbili, mbi-ngu. Ukikosea hapo, sauti nne zitatamka kila moja kivyake. Weka solfa (do-re-mi) chini ya nota, kwani wanakwaya wengi husoma hiyo.

Kukodisha vinanda nyumbani kunalipa pia, ila chukua amana, na adapta iende na kinanda chake. Mtu akiazima adapta ya redio, volti zikawa nyingi au chanya na hasi zikapishana, kinanda kinaungua. Andika volti kwenye karatasi na uibandike karibu na tundu la umeme.

Watoto wanaofanya mitihani ya ABRSM, bodi ya mitihani ya muziki ya Uingereza, wape darasa la nadharia la pamoja. Daraja la 5 la nadharia, au mbadala wake unaokubaliwa na bodi, hutakiwa kabla ya mtihani wa kupiga wa daraja la 6, kwa hiyo wahitaji hawakosekani. Masomo ya video yaache kwanza. Yanakula muda mwingi na bando, na malipo yake huchelewa.

Kinanda cha nne usinunue mpaka kundi la pili limalize kulipa. Nitumie majina ya kwaya tatu zilizo karibu nawe, tuandike pamoja barua ya kupeleka kwa wenyeviti.

Wako katika kazi,
Rafiki yako wa Arusha