Barua kwa vijana wanaoandika hadithi fupi Lubumbashi

Wanangu wa komini zetu za Kenya, Katuba, Kamalondo na Ruashi,

Nawasalimu kwa upendo. Hadithi mlizoniletea nimezisoma zote, na karibu zote zinahusu falanga: kijana aliyetajirika kwa kobalti ya Kolwezi, arusi iliyoacha madeni, ndugu waliogombania kiwanja. Mmeshika jambo zito na ninafurahi. Ila miisho yenu inanisumbua. Tajiri anapata ajali kwenye barabara ya Likasi. Tajiri anagunduliwa kwamba alimtoa mtoto wake kafara. Tajiri anapooza. Msomaji anashusha pumzi, anasema hayo ni ya wenzake. Maumivu ya mtu aliye mzima, gari lipo, nyumba ipo, hamjayagusa.

Mliosoma Kifaransa mnaikumbuka La Parure ya Guy de Maupassant, ya mwaka 1884. Mathilde Loisel, mke wa karani wa wizara, anaazima mkufu kwa rafiki yake mwenye mali ili ang'are usiku mmoja, kisha anaupoteza. Mkufu mwingine wananunua kwa faranga 36,000: nusu ni urithi wa mume kutoka kwa baba yake, nusu ni mikopo, na deni linawala miaka kumi. Watu hukumbuka pigo la mwisho, kwamba ule wa kwanza ulikuwa wa bandia, haukuzidi faranga 500. Mimi hurudi nyuma, pale mume anapomwambia Mathilde amwandikie rafiki kwamba kifungo kimevunjika na kinatengenezwa. Angeandika tu "nimeupoteza", miaka kumi ingeokoka. Haandiki, kwa sababu aibu ya kuonekana maskini inamlemea kuliko deni. Na Maupassant hahubiri: anatuonyesha mwanamke anayepandisha maji kila asubuhi, akisimama kila ghorofa apate pumzi.

D. H. Lawrence naye, katika hadithi ya 1926 ya mtoto Paul na farasi wake wa mbao, aliandika nyumba inayonong'ona kwamba pesa lazima ziongezeke. Mtoto anashinda kamari za farasi kwa siri ili anyamazishe sauti hizo. Mama anapata pauni 5,000, na sauti zinazidi kupiga kelele! Wanangu, someni sehemu hiyo polepole. Mtoto anatafuta pesa kwa sababu anatafuta upendo wa mama, na hakuna mtu mle ndani anayelitambua hilo.

Sasa nije kwenu. Kati ya karatasi zenu kuna ukurasa mmoja ambao umenikosesha usingizi. Mama ametoka Kasenga na samaki wakavu ndani ya kitambaa, anafika kwenye geti la mwanawe, mlinzi anamuuliza: "Mama, unatafuta nani?" Naye, badala ya kusema ni mwanangu, anataja jina zima la kijana, na la ukoo, kama mtu aliyefika ofisini. Mwandishi wangu, hapo ulikuwa umeshafika. Kwa nini basi uliongeza kurasa mbili za ajali na mazishi? Zifute. Mwache mama asimame pale getini, harufu ya samaki ifike hadi kwa mlinzi, na kijana awe ndani, anakula bukari peke yake, simu mkononi.

Kuna wengine ambao hamjawaandika kabisa. Baba aliyetoka Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, mwaka 2003, katika ule mpango wa kuondoka kwa hiari, ambaye tangu mshahara ukatike hakuna tena anayengoja neno lake mezani. Dada anayekopa ili apate kitambaa cha sare ya arusi, halafu anacheza usiku kucha akihesabu moyoni. Huyo dada nampenda sana, ningependa mmoja wenu amwandike bila kumcheka.

Yule wa ukurasa wa geti aanze na kufuta. Wengine mniletee rasimu mpya nyumbani Katuba, fupi kuliko za kwanza, zikiwa zimeandikwa kwa herufi kubwa kidogo kwa sababu ya macho yangu.

Mzee wenu, mwalimu mstaafu