Tuwaachie marubani mahali pa kutua

Mhariri,

Kila ndege ndogo inapoanguka baada ya injini kuzimika angani, watu mtaani kwetu Kajjansi, kando ya uwanja mdogo wa ndege nchini Uganda, huuliza jambo moja: injini ilikuwa na nini? Hilo wachunguzi ndio wa kulijibu. Mimi naomba tuulize na jingine: rubani alikuwa na mahali pa kutua?

Injini ikizimika, ndege haiporomoki papo hapo. Cessna 172, yenye injini moja, ikiwa futi 3,000 juu ya ardhi inaweza kuelea kilomita nane hivi, rubani akapata muda wa kuchagua shamba, kujaribu kuiwasha tena na kuomba msaada kwa redio. Lakini ikiwa futi 500, ndiyo kwanza imeruka, haifiki hata kilomita moja na nusu. Hapo marubani hufundishwa kutua mbele yao, wasithubutu kurudi uwanjani, maana kugeuka hula kimo, na mwendo ukipungua mno mabawa hushindwa kuibeba ndege. Wengi duniani wamekufa wakijaribu kugeuka.

Sasa mbele yao pana nini? Kajjansi, ni mabati juu ya mabati. Na hapa tuko zaidi ya futi 3,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, injini za kawaida za ndege hizi hupoteza kama sehemu ya kumi ya nguvu zake, ndege hupanda polepole, na ule muda wa hatari unarefuka. Wanaoruka hapa ni wanafunzi wa urubani, wamisionari, madaktari wanaokwenda Karamoja, kaskazini mashariki mwa nchi. Ni watu wetu, kama walivyo wanaolala chini ya mabati hayo.

Simlaumu aliyenunua ploti, aliuziwa, akajenga. Naiomba Wilaya ya Wakiso na Mamlaka ya Usafiri wa Anga wapime ukanda wa wazi kwenye ncha zote mbili za uwanja, na fidia iwafikie wenye mailo, yaani wenye hati za ardhi, na wenye vibanja pia, yaani wanaokaa au kulima kwenye ardhi hiyo bila hati, kabla ya mtu yeyote kuambiwa ahame. Viazi vitamu na maharage viendelee kulimwa humo. Mikaratusi, kuta za matofali na shule, hapana. Soroti na Kasese, ambako pia kuna viwanja vya ndege na miji inazidi kukua, kazi hiyo ianze sasa, wakati fidia bado ni nafuu.

Mkazi wa Kajjansi,
Wakiso