Barua ya wazi kwa vijana wa hekalu letu wanaojiandaa kupanda miti

Wanangu na wajukuu zangu wapendwa,

Namaste. Nimepata habari kwamba mvua za masika zikianza mtapanda miche mia mbili hapa Mombasa kwa ajili ya thawabu, na nimefurahi sana. Nawaandikia kwa Kiswahili, lugha mnayozungumza mtaani na hata nyumbani, ili majirani zetu nao wasome. Lipo jambo moja linaloninyima raha: katika mikutano yenu yote mmepanga nani atachimba mashimo na nani atapiga picha, lakini sijasikia aliyetajwa kuwa ndiye atakayemwagilia maji kiangazi kikifika.

Imesimuliwa katika Matsya Purana, kitabu chetu kitakatifu cha kale cha Kihindu, kwamba mungu wa kike Parvati alipanda mche wa mti uitwao ashoka akaulea kama mwanawe. Alipoulizwa kuna faida gani katika kazi hiyo, alijibu kwamba visima kumi ni sawa na bwawa moja, mabwawa kumi ni sawa na ziwa moja, maziwa kumi ni sawa na mwana mmoja, na wana kumi ni sawa na mti mmoja. Wengi wetu hunukuu hesabu hiyo kwenye sherehe. Mimi nawaomba mtazame kwamba mti umepimwa kwa mwana, na mwana hulelewa. Hakuna mzazi anayestahili sifa kwa kuzaa kisha kuondoka. Marehemu mama yangu kila alfajiri, kabla hajatia chochote kinywani, alimimina maji ya lota, chombo kidogo cha shaba, kwenye shina la tulsi, mrehani wetu mtakatifu, uani, polepole, akiuzuia udongo kwa vidole usichukuliwe na maji. Alifanya hivyo hata siku alizokuwa na homa.

Varaha Purana nayo inasema kwamba apandaye pipal mmoja, mwarobaini mmoja, vat mmoja na miembe mitano, pamoja na maua na miti mingine ya matunda, hataiona jehanamu. Pipal na vat ni miti mikubwa, jamaa ya mkuyu. Mwarobaini na mwembe vilivuka bahari kutoka Bara Hindi kama walivyovuka babu zetu, na vimeipenda ardhi ya pwani. Anzeni na hivyo. Pipal na vat msiipande karibu na ukuta wala bomba la maji, kwa sababu mizizi yake hupasua saruji, na siku moja mtalazimika kuikata. Pipal ndio mti ambao Bwana Krishna anasema katika kitabu kitakatifu cha Bhagavad Gita kwamba kati ya miti yote Yeye ni huo. Nani kati yenu atashika shoka siku hiyo?

Nauliza kwa uchungu kwa sababu nimeshayaona. Miaka mingi iliyopita, katika hekalu moja ambalo sitalitaja, kamati iliamua kuangusha mwarobaini mkubwa ili kupata maegesho ya magari, nami nilikuwa mjumbe nikanyamaza. Kisiki kilichipua baada ya wiki chache, majani membamba mekundu kama ya mche mpya, na mafundi wakakimwagia mafuta ya taa mpaka kikafa. Sijalisahau kosa hilo.

Wabishnoi, jamii ya kidini ya Rajasthan huko India, hawakunyamaza. Guru wao, Jambheshwar, aliwaachia kanuni 29 mwaka 1485, na mojawapo inakataza kukata mti mbichi. Mwaka 1730 watumishi wa mfalme wa Jodhpur walifika kijiji cha Khejarli kukata khejri, miti ya nchi kavu ya huko, kwa kuwa zilihitajika kuni za kuchomea chokaa ya jumba jipya. Amrita Devi aliukumbatia mti akasema kwamba kichwa kikitolewa na mti ukapona, hiyo ni bei rahisi. Aliuawa, binti zake watatu wakafuata, na kabla ya mauaji kusimama watu 363 walikuwa wamekufa. Mfalme Abhay Singh alipopata habari alipiga marufuku ukataji wa miti katika vijiji vyao. Miti waliyoifia haikuwa mipya. Ilikuwa imelelewa na waliowatangulia.

Kwa hiyo nawaomba mpande michache. Miche arobaini yenye walezi inatosha. Kila mche uandikiwe jina la mtu na la msaidizi wake, uzungushiwe miiba mbuzi wasiufikie, utiliwe samadi iliyooza na nyasi kavu juu ya udongo, na upate maji kwa viangazi viwili vya mwanzo. Anayesafiri amkabidhi mwenzake kwa kutamka, si kwa kudhani.

Mwarobaini utakaokuwa karibu na kisima mniandikie mimi. Magoti yangu hayachimbi tena, lakini ndoo ndogo naweza kuibeba, na kila Jumamosi kabla ya jua kuwa kali mtanikuta hapo.

Ni mimi, mzee wenu.