Laki saba za marehemu babu yako

Mwanangu Zuwena,

Assalaam alaykum. Huku Wete sote wazima. Bibi yako anakusalimu na anauliza kama huko dakhalia mnakula vizuri. Mimi nina jambo la hesabu, lile uliloniuliza likizo: namba kubwa ina nini zaidi ya ukubwa wake?

Juzi tulipeleka kituoni karafuu za shamba la marehemu babu yako. Mizani ikasoma kilo 51 na gramu 480. Kwa 14,000 kila kilo, tukapewa 720,720. Nikakaa barazani na kipande cha boksi na kalamu, ndugu zangu wote wamenizunguka. Madeni yalishalipwa, kilichobaki ni kugawa. Bibi yako, kwa kuwa marehemu ameacha watoto, ana thumni, yaani sehemu moja ya nane: 90,090. Zikabaki 630,630. Sisi wanaume watatu, shangazi zako wanne, mwanamme mafungu mawili, mwanamke moja. Jumla mafungu 10. Kila shangazi 63,063, kila mmoja wetu 126,126. Haikubaki hata senti, na kila jibu linajirudia kama mwangwi!

Usiku usingizi ukaruka. Kule kujirudia kumbe jambo jepesi: tarakimu tatu zozote ukizizidisha kwa 1,001 zinajiandika mara mbili, na hii yetu ni 720 mara 1,001. Hata 63, iandike 063 utaona. Nayo 1,001 ni 7 × 11 × 13, namba tasa tupu. Ipasue 720,720 yote upate 2×2×2×2×3×3×5×7×11×13. Ndiyo kigawe kidogo cha shirika cha namba zote kuanzia 1 mpaka 16, yaani namba ndogo kabisa inayogawika kwa kila moja yao.

Vigawo vyake, yaani namba zinazoigawa bila baki, usihangaike kuviorodhesha. 2 imetokea mara nne, ongeza moja, 5. 3 mara mbili, inakuwa 3. Nyengine nne zimetokea mara moja moja, kila moja 2. Zidisha: 240. Hakuna namba ndogo kuliko hiyo yenye vigawo vingi kiasi hicho. Namba za tabia hii mwanahisabati Ramanujan wa India aliziandikia makala mwaka 1915. Ukivijumlisha vyote, yenyewe ukiiacha, unapata 2,529,072, zaidi ya mara tatu yake. Majirani zake sasa, 720,719 na 720,721, hawagawiki kwa chochote kati ya 2 na 16. Ukuta mmoja, tabia mbali.

Baba yako mkubwa akanichokoza: "Na tungekuwa 17?" Hapo ingegoma: 720,720 ukiigawa kwa 17, zingebaki shilingi 5.

Tabu ilikuja kwenye chenji. Shilingi tatu utazitoa wapi siku hizi? Shangazi zako nikawapa 63,050 kila mmoja, watatu wakacheka yakaisha. Yule mdogo hakukubali. Mpaka leo ananidai 13, wala hajui kuwa anadai namba tasa.

Baba yako