Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama Wanaouza Mishiri (Maharagwe Machanga ya Maganda) na Parachichi Nje

Ndugu wanachama,

Kamati imekutana kama katiba inavyotaka, mafunzo ya upakiaji yamefanyika, na mashamba yamekaguliwa. Hayo mnayajua, sitawachosha nayo.

Nije kwenye jambo linalosemwa pembeni: uamuzi wa kuajiri karani wa hati kwa fedha za kukarabati ofisi. Wapo wanaouliza, "Uingereza si tunaingiza bila ushuru? Karani wa nini?" Swali hilo ningelitarajia kwa mgeni, si kwa mtu anayesafirisha mishiri kila wiki.

Mkataba wa biashara wa Kenya na Uingereza ulitiwa saini Desemba 2020, ukaanza kutumika Machi 2021. Haukutuletea sufuri mpya ya ushuru. Uliiokoa ile tuliyokuwa nayo Uingereza ilipokuwa ndani ya Umoja wa Ulaya. Ndiyo maana wengi hawaoni faida yake. Jirani zetu Uganda na Tanzania, kwa kuwa wamo katika kundi la nchi maskini zaidi, wangeendelea kuingiza bure hata bila mkataba. Sisi hatumo. Tungebaki kushindana nao tukiwa na ushuru mgongoni, na wenzetu wa maua wangekabiliwa na asilimia 8.

Lakini sufuri hiyo haiji yenyewe. Lazima uthibitishe kwamba mzigo ni wa Kenya, na kwa wengi wetu hiyo ni fomu ya EUR.1 yenye muhuri wa forodha. Hati ikiwa na kasoro, anayedaiwa ushuru kule ni mnunuzi, naye atakukata kwenye malipo, kisha msimu ujao hapokei simu yako. Mwezi Mei mwanachama mmoja (yumo humu, simtaji) alipishanisha tarakimu mbili za uzito: ankara ikasema hivi, fomu ikasema vile. Karani aliligundua jioni, katoni zikiwa bado kwenye chumba baridi. Mwanachama huyo ndiye aliyekuwa akipinga kwa sauti kubwa kuliko wote. Wazo la karani lilikuwa langu, na sioni haya kulisema.

Wala msichanganye ushuru na ukaguzi. Cheti cha KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea, bado kinatakiwa, na mabaki ya dawa kwenye mishiri hayasamehewi na mkataba wowote.

Haya yote yalielezwa kwenye semina ya Agosti. Tuko 64, walikuja 9, na wawili waliondoka baada ya chai. Kuhusu ada ya 12,000: waliolipa yote ni 23, waliolipa nusu 11, wasiolipa hata shilingi 30. Jumla ya deni ni 426,000. Mshahara wa karani kwa mwaka ni 420,000. Kwa hiyo anayeniuliza paa la ofisi linavuja kwa nini, kwanza aangalie jina lake kwenye orodha ukutani.

Mwaka ujao, Mungu akijalia, tutatazama pia soko la Falme za Kiarabu, ambako Kenya ilitia saini mkataba Januari 2025. Namna ya kuanza tutaijadili wakati ukifika.

Mweka hazina atawasomea hesabu sasa. Wenye madeni wamwone kabla ya chakula, ana kitabu cha risiti.