Mbolea hai inafia dukani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie pakiti ya gramu 100 ambayo wakulima wa soya huuziwa kama mbolea. Ndani yake hamna mbolea. Mna bakteria hai wa jamii ya Bradyrhizobium, wanaoingia kwenye mizizi ya soya, kujenga vinundu na kuigeuza naitrojeni ya hewani kuwa chakula cha mmea. Utafiti wake si wa jana. Chuo Kikuu cha Nairobi kilishaipa leseni kampuni ya MEA, inayoiuza bidhaa hiyo kwa jina la Biofix. Maabara imefanya kazi yake. Kinachotushinda, kwa bidhaa zote za aina hii, ni safari ya kutoka kiwandani hadi shambani.

Tupige hesabu. Pakiti nzuri hutoka kiwandani ikiwa na bakteria bilioni 1 katika kila gramu. Gramu 100 hupakwa kwenye kilo 15 za mbegu, yaani punje kama laki moja. Kila punje inapata bakteria milioni moja, na hapo vinundu si vya kubahatisha. Sasa iache pakiti hiyo ikae wiki kadhaa kwenye joto la paa la bati. Idadi ikishuka hadi milioni 1 kwa gramu, punje inaambulia bakteria elfu moja tu, na wengi wao watakufa udongoni kabla mzizi haujachomoza. Ukiitazama, pakiti haijabadilika: rangi ni ileile, na muda wake wa matumizi haujaisha.

Kwa hiyo kumpima mtengenezaji wakati wa kusajili bidhaa hakutoshi. Sampuli zichukuliwe dukani, tena kwenye maduka ya mbali, wiki chache kabla ya mvua. Kipimo chenyewe hakihitaji mitambo ya ajabu: gramu 10 katika mililita 90 za maji yaliyotakaswa, kuzimua hatua kwa hatua, kila hatua mara kumi, kisha kupaka tone kwenye sahani ya chakula cha bakteria chenye rangi ya Congo Red. Bakteria tunaowataka hubaki weupeweupe. Wavamizi wengi huinyonya ile rangi nyekundu. Wa soya hukua polepole, siku 7 hadi 10. Sahani ikijaa ndani ya siku mbili, hao ni wageni.

Mwenye duka asibebeshwe lawama zote. Anaambiwa aweke bidhaa inayodumu takriban miezi sita, yenye faida kiduchu, na ikibaki hasara ni yake. Ningekuwa yeye ningeagiza kwa kusitasita. Afadhali vikundi na AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) vikusanye oda mapema, kiwanda kitengeneze kwa oda hizo, na mzigo ufike wiki mbili kabla ya kupanda. Na pakiti ionyeshe tarehe ya kutengenezwa, siyo ya kuisha muda peke yake.

Shambani nako kuna makosa yanayojirudia. Maji ya gundi ya akasia, au ya sukari, ya kuwanatisha bakteria kwenye mbegu, yawe kama mililita 20 kwa kilo ya mbegu. Yakizidi, ganda hulainika na kubanduka. Changanya kivulini, panda siku hiyohiyo, fukia mara moja, kwa sababu jua huwaua bakteria. Mbegu iliyokwisha pakwa dawa ya ukungu haifai, dawa hiyo inawaua nao. Usikuzie kwa urea, maana mmea ulioshiba naitrojeni ya dukani hausumbuki kujenga vinundu. Fosforasi ndiyo isikosekane, kwa mbolea ya TSP au Minjingu, na udongo wenye tindikali nyingi (pH chini ya 5) uwekwe chokaa kwanza.

Soya ikianza kutoa maua, chimbua miche kumi kwa jembe (ukiing'oa, vinundu hubaki ardhini), osha mizizi, pasua kinundu kwa ukucha. Ndani kukiwa kwekundu kama nyama mbichi, kazi inafanyika. Kukiwa kweupe au kijani, haifanyiki. Hadi siku hiyo mkulima asitupe pakiti tupu, kwani namba ya toleo iliyo juu yake ndiyo itakayoonyesha ni mzigo upi ulioharibika na ulipitia duka gani.

Mdau wa pembejeo,
Morogoro